RELI NDOGO YA ZIWANI: JINSI YA KUCHAGUA UPANA WA NJIA, MABEHEWA NA VIUNGO VYAKE

Mbita haina reli, wala haikupata kuwa nayo. Walakini watu wa upande ule wa Ziwa Victoria wanayajua mabehewa ya reli kwa kuyaona yakipita majini. Meli zitokazo Kisumu kwenda ziwa kuu hupita katika mlango wa maji ulio baina ya Uyoma na kisiwa cha Rusinga, na miongoni mwa meli zilizopita hapo ni Uhuru na mwenzake Umoja, ambazo zilijengwa ili zichukue mabehewa yenyewe pamoja na mizigo iliyomo. Uhuru ilijengwa Uskochi, ikafunguliwa vipande vipande, ikaunganishwa upya Kisumu, na kuanza kazi mwaka 1966.

Kutengeneza mifano midogo ya treni ni kazi iliyoenea sana Ulaya, Marekani na Japani. Ni mchezo, lakini ni mchezo ufundishao hesabu, useremala na umeme. Mtu wa Mbita akitaka kujenga mfano wa namna hiyo, hana haja ya kuiga milima ya Uswisi. Mfano ulio bora upo mlangoni pake: gati ya Kisumu, mabehewa yake, na meli inayoyapokea. Makala hii yaeleza jinsi kazi hiyo iwezavyo kufanywa bila kupoteza fedha, maana wengi huanza kwa kununua, kisha ndipo hufikiri, na mwisho wa jambo hilo huwa ni sanduku lililojaa vitu visivyoungana.

Upana wa njia

Jambo la kwanza ni upana wa njia, yaani nafasi iliyopo baina ya reli mbili. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwezi wa Desemba 1901 ilikuwa na upana wa mita 1. Reli ya Tanganyika iliyofika Mwanza mwaka 1928 ilikuwa na upana huo huo, na reli iliyofika Kampala mwaka 1931 vile vile. Kwa sababu ya umoja huo, behewa liliweza kuteremshwa melini ng'ambo ya ziwa na kuendelea na safari yake bila mzigo kuguswa.

Mahali umoja huo unapokosekana, kazi huongezeka. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina upana wa milimita 1,435. Behewa la reli moja haliwezi kupita katika reli ya pili. Ni lazima mzigo uinuliwe na kuhamishwa. Mwenye kujenga reli ndogo hukutana na shida hiyo hiyo juu ya meza yake.

Mifano inayouzwa kwa wingi duniani ni ile iitwayo HO. Kipimo chake ni 1 kwa 87, na njia yake ina upana wa milimita 16.5. Msomaji akizidisha 16.5 kwa 87 atapata takriban milimita 1,435. Basi anayenunua treni za HO ili aonyeshe reli ya zamani ya Kisumu amenunua, bila kujua, upana wa reli mpya. Mita 1 ikigawanywa kwa 87 huwa milimita 11.5, na njia iliyo karibu na hapo ni ile ya milimita 12, iitwayo HOm, inayotumiwa sana na wapenzi wa reli nyembamba za Uswisi. Njia hiyo hupatikana tayari dukani ng'ambo, nayo yafaa kabisa kwa reli ya Afrika ya Mashariki.

Kuna hila nyingine kwa wale ambao wamekwisha kuwa na njia ya milimita 16.5. Wasiitupe, bali wabadili kipimo. Mabehewa yakijengwa kwa kipimo cha 1 kwa 64, njia hiyo itakuwa na upana wa mita 1 na sentimita 5 na kitu, nayo ni tofauti ndogo isiyoonekana kwa macho. Taabu yake ni nafasi: behewa la mita 9 litakuwa na urefu wa sentimita 14, ambapo kwa kipimo cha 1 kwa 87 lingekuwa na sentimita 10 tu.

Mabehewa na uzito wake

Viwanda vikubwa vya mifano havikuelekeza kazi yake kwa reli za Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo iliyo njia rahisi ni kununua fremu ya chini yenye magurudumu yanayolingana na njia, kisha kujenga bodi ya behewa kwa karatasi ngumu, bati jembamba au plastiki. Mafundi wa mashua wa Mbita, ambao hupasua na kulainisha mbao kila siku, hawahitaji kufundishwa namna ya kupima na kukata. Yafaa kuanza na mabehewa ya aina tatu: lililofunikwa kwa mizigo ya magunia, tangi la mafuta, na behewa tambarare lisilo na kuta. Hili la mwisho laonekana duni, lakini kazi yake ni kubwa, kama itakavyoelezwa hapa chini. Mwenye kutaka kuona injini kubwa za zamani na kuzichora aende katika Jumba la Makumbusho la Reli, Nairobi, ambako imehifadhiwa injini ya moshi namba 5918, iitwayo Mount Gelai, mojawapo ya injini 34 za namna yake zilizotengenezwa Uingereza katika miaka ya 1955 na 1956.

Behewa jepesi huruka nje ya reli, hasa likisukumwa kinyumenyume. Chama cha watengenezaji wa reli ndogo cha Marekani kimeweka kanuni kwa mabehewa ya HO: gramu 28 za kuanzia, kisha gramu 14 kwa kila sentimita 2 na nusu za urefu. Kwa kanuni hiyo behewa la sentimita 10 lapaswa kuwa na gramu 84. Uzito uwekwe chini, karibu na magurudumu. Watu wa ziwani watafikiri mara moja juu ya risasi za nyavu, nazo zafaa kwa uzito. Lakini risasi ni sumu, kwa hiyo mtoto asipewe kuikata, na aliyeishika anawe mikono kabla ya kula. Kokoto ndogo zilizogandishwa kwa gundi hazina hatari hiyo.

Viungo

Wengi huviona viungo kuwa jambo dogo, kumbe ndivyo viamuavyo kama reli ndogo itakuwa furaha au udhia. Kiungo ni kile chombo kinachoshika behewa moja na jingine. Kina kazi mbili zinazopingana: kisiachie wakati wa kuvuta, na kiachie mara moja kinapotakiwa.

Viungo vya mifano ni vya namna nyingi. Viwanda vya Uingereza vilizoea kulabu kubwa inayonasa juu ya fimbo ya mbele ya behewa la pili. Ulaya bara kuna kitanzi na kulabu. Marekani hutumika kiungo kilicho mfano wa vidole vya mkono vilivyokunjwa, ambacho hushikana na mwenzake. Kilicho maarufu katika aina hiyo ni Kadee, jina lililotokana na herufi za mwanzo za majina ya ndugu wawili, Keith na Dale Edwards. Kiungo cha namna moja hakishikani na cha namna nyingine. Aliyenunua injini ya Uingereza, mabehewa ya Ujerumani na tangi la Marekani ana vitu vitatu vizuri, wala hana treni.

Kwa reli ya Kenya uchaguzi si mgumu. Mabehewa ya reli ile ya mita 1 huunganishwa katikati, wala hayana zile sahani mbili za pembeni zionekanazo katika mabehewa ya Uingereza. Basi kiungo cha vidole kilichowekwa katikati ndicho kifananacho zaidi na kweli. Tena kina faida nyingine: chini yake hushuka sindano ya chuma, na sumaku ikiwekwa katikati ya njia, sindano huvutwa kando na vidole hufunguka. Baada ya kufunguka, injini yaweza kuendelea kulisukuma behewa bila viungo kushikana tena, mpaka lifike mahali pake.

Kanuni ni tatu. Kwanza, viungo vyote viwe vya namna moja. Pili, viwe na kimo kimoja juu ya reli. Kwa vipimo vya HO vya Marekani, katikati ya kiungo huwa karibu milimita 10, na kijiti cha kupimia kitengenezwe siku ya kwanza. Tatu, behewa lo lote lisitiwe njiani kabla ya kupimwa kwa kijiti hicho.

Gati na daraja la meli

Ubao wa plaiwudi uuzwao madukani una urefu wa sentimita 244 na upana wa 122. Ukipasuliwa kwa urefu, hutoa mbao mbili, na mmoja watosha kwa gati nzima. Meli yenye urefu wa mita 90 ingechukua zaidi ya mita 1 kwa kipimo cha 1 kwa 87. Basi yafaa kuonyesha sehemu yake ya nyuma tu, yenye sitaha ya sentimita 56.

Mpango huu umefuata mchezo wa Mwingereza Alan Wright uitwao Inglenook. Zipo njia tatu: ndefu yenye nafasi ya mabehewa 5, na fupi mbili za mabehewa 3 kila moja. Yote yaliyopo ni mabehewa 8, nayo kazi ni kuyatoa 5 na kuyapanga kwa utaratibu ulioamriwa. Kwa hesabu, utaratibu huo waweza kuwa wa namna 6,720. Mtu hatachoka nao upesi. Kila behewa na kiungo chake likihesabiwa sentimita 11, sehemu ya injini kurudi nyuma yataka sentimita 59, migawanyiko ya njia 40, njia ndefu 55, daraja 9, na sitaha 56. Jumla ni sentimita 219, na ubao wabaki na nafasi.

Katika meli ya kweli utaratibu si mchezo. Mabehewa mazito yakiingizwa yote upande mmoja, meli hulala upande huo. Kwa hiyo mwenye kupanga mabehewa gatini ameshika salama ya chombo na ya watu waliomo. Mtoto anayepanga mabehewa 5 juu ya ubao anajifunza jambo lile lile.

Tena kuna daraja liunganishalo gati na meli. Maji ya ziwa hayakai kimo kimoja: kati ya mwaka 1961 na 1964 yalipanda zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 yakapanda tena hata yakafunika magati na mashamba. Daraja ni lazima lipande na kushuka pamoja na meli. Katika mfano, mteremko usizidi 3 kwa 100, yaani chini ya milimita 3 katika daraja la sentimita 9. Ukizidi, vidole vya kiungo kimoja vitapanda juu ya vingine na mabehewa yataachana. Injini nzito haifai kupita juu ya daraja kama hilo. Hapa ndipo lihitajiwapo lile behewa tambarare: hukaa kati ya injini na mzigo, likawa kama mkono mrefu, na injini husimama nchi kavu. Sitaha nayo iwe sawa kabisa, mabehewa yasirudi yenyewe.

Umeme

Treni hizi hutumia umeme wa volti 12, ambazo ndizo volti za betri nyingi za sola zilizomo majumbani. Walakini betri hiyo ina nguvu nyingi kupita haja ya injini ndogo. Reli mbili zikigusana kwa kipande cha chuma, waya waweza kuwaka moto. Kwa sababu hiyo fyuzi ndogo ya ampia 1 iwekwe karibu na betri, tena kabla ya kitu kingine cho chote, na pawe na kidhibiti cha mwendo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Aanzaye kwa kuamua upana mmoja wa njia na kiungo kimoja, kisha akajenga behewa moja likapita vema, atajenga la pili na la nane. Na wazee waliofanya kazi gatini na melini wangali wapo katika vijiji vingi vya ziwa. Kijana akiwaendea na penseli na karatasi kuuliza behewa lilifungwaje, daraja liliinuliwaje, na nani alitoa amri, atapata vipimo visivyouzwa dukani, na mfano wake utakuwa kumbukumbu ya kazi iliyowalisha watu wengi.