Katuni za Kuchekesha na Mkono wa Mtoto

Makala haya yanakusudia kueleza ni kwa nini baadhi ya hadithi za katuni humfanya mtoto, akiisha kucheka, atafute kalamu. Wengi watajibu kwamba sababu ni kichekesho. Jibu hilo halitoshi. Wasomaji wa Taifa Leo walimcheka Juha Kalulu wa Edward Gitau kwa miaka mingi. Lakini kuicheka kazi ya fundi si sawa na kujiona fundi.

Tuchukue mfano wa Dav Pilkey, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1966. Alipokuwa shule ya msingi alipata taabu ya kusoma na ya kutulia. Akitolewa nje ya darasa, aliketi akichora. Huko ndiko alikozaliwa Captain Underpants, shujaa wa chupi na pazia, ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1997. Ndani yake wavulana wawili hutunga katuni zao wenyewe: George huandika, Harold huchora, na tahajia yao imejaa makosa. Dog Man (2016) kimeandikwa kana kwamba ni kazi ya wavulana hao, na kurasa zake za mwisho humwonyesha msomaji, hatua kwa hatua, namna ya kuwachora wahusika. Katika Cat Kid Comic Club (2020) watoto 21 wa chura hufundishwa kutunga katuni. Hivyo msomaji mdogo humwona mtunzi kuwa mtoto mwenzake.

Wako waliochukizwa. Mwaka 2012 na 2013 mfululizo wa Captain Underpants uliongoza orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi ambayo hutolewa na Chama cha Maktaba cha Marekani. Hofu ya mwalimu kuhusu tahajia ina msingi. Hata hivyo, kosa la tahajia husahihishika, bali mtoto aliyekwisha kuamini kwamba hawezi kuandika ni vigumu kumrejesha.

Kwa mwalimu wa Kiswahili, funzo ni dhahiri. Lugha yetu ina utajiri wa tanakali: chubwi, pu, jii, fofofo. Mara nyingi wanafunzi huzikariri kwa ajili ya mtihani. Katika katuni, mtoto hana budi kuamua ni nani aliyetumbukia chubwi, na ni nani aliyenyamaza jii baada ya hapo. Karatasi moja iliyokunjwa mara mbili humpa visanduku vinne. Na avijaze kwanza; kalamu nyekundu itafuata.