Mikono Mingi Kando ya Kitanda Kimoja

Mwezi Agosti 1952, hospitali ya Blegdam mjini Copenhagen, nchini Denmark, ilielemewa na ugonjwa wa polio, ambao hupooza misuli. Katika majuma matatu, wagonjwa 31 walihitaji kusaidiwa kupumua, 27 walikufa. Mashine zilikuwa chache mno.

Damu yao ilionyesha kabonidayoksaidi nyingi, nayo ilidhaniwa kuwa dalili ya kuzidi kwa alkali mwilini. Profesa Lassen, bingwa wa magonjwa ya kuambukiza, akamwita Bjørn Ibsen, mtaalamu wa dawa za usingizi. Ibsen aliona kinyume chake: gesi hiyo ilirundikana kwa kuwa mapafu hayakupata hewa ya kutosha.

Tarehe 27 Agosti, mpasuaji alitoboa koo la msichana wa miaka 12 aliyekuwa karibu kukata roho. Ibsen akapitisha mpira na kusukuma hewa mapafuni kwa kubinya mfuko kwa mkono. Msichana akanusurika.

Lakini wagonjwa walikuwa wengi. Poul Astrup alipima damu zao katika maabara; wauguzi waliwatunza; wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana kubinya mifuko usiku na mchana. Vifo vikapungua hata chini ya nusu.

Desemba 1953, Ibsen alianzisha mjini humo mojawapo ya wodi za kwanza za wagonjwa mahututi. Katika wodi kama hizo wataalamu mbalimbali hushauriana pamoja, kwani mapafu, damu na figo za mgonjwa havitengani kama masomo yatenganavyo darasani.