Kinachoua betri za akiba majumbani

Mgao wa umeme uliotusumbua mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 uliwafanya watu wengi Dar es Salaam wanunue inveta na betri. Kisha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ikaanza kuwashwa mmoja baada ya mwingine. Mgao ukapungua, na betri zikasahaulika chini ya ngazi na nyuma ya kaunta. Leo umeme ukikatika, mwenye nyumba anawasha inveta, taa zinawaka dakika kumi, mlio unaanza, giza linarudi. Anamlaumu muuzaji kwamba alimpa betri feki. Feki zipo, lakini nyingi ya betri hizi ziliuawa na kukaa bila chaji.

Ndani ya betri ya asidi kuna sahani za risasi zilizozama kwenye mchanganyiko wa maji na asidi ya salfa. Betri inapotoa umeme, sahani hujipaka utando wa salfeti ya risasi. Ukichaji mapema, utando huo unaondoka. Ukiiacha betri tupu kwa wiki kadhaa, unaganda na kuwa chembe ngumu ambazo chaja haiwezi kuzivunja, na sehemu hiyo ya sahani haifanyi kazi tena. Hata betri isiyoguswa hupoteza chaji polepole, na katika joto la Pwani hupoteza haraka zaidi. Kwa hiyo betri ya akiba iachwe kwenye chaja inayojipunguza yenyewe ikishajaa, ikibaki kwenye volti 13.5 hivi, au angalau ichajiwe kila mwezi.

Ndiyo maana naona kupima dukani ni jambo la lazima. Omba mita. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia inasoma 12.6 au zaidi, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Inayosoma chini ya 12 imekaa rafuni muda mrefu mno, iache hapo hapo hata ukipunguziwa bei. Na usikubali kuuziwa betri ya gari kwa kazi hii. Sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiikamua kila usiku itachoka ndani ya miezi. Chukua ile mafundi wanayoiita betri ya sola, yenye sahani nene.

Ukubwa wake upigiwe hesabu, usikisie. Chukua nyumba yenye televisheni ya wati 60, feni ya wati 50, taa tano za wati 7 na kifaa cha intaneti cha wati 10. Jumla ni wati 155, na ukiongeza umeme unaopotea kwenye inveta unafika kama 180. Kwa volti 12 hizo ni ampea 15, na kwa saa nne ni ampea-saa 60. Lakini betri ya asidi haipaswi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unahitaji 120. Tena namba iliyoandikwa kwenye ganda kwa kawaida hupimwa kwa kutoa umeme taratibu kwa saa 20; ukivuta kwa kasi unapata pungufu. Mimi ningenunua ya 150. Friji na pasi zisubiri umeme urudi.

Betri yenye vifuniko vya kufungua hupungua maji, kwani joto na kuchaji huyapoteza huku asidi ikibaki ndani. Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji safi yaliyotoneshwa, kamwe si asidi, wala si maji ya bomba wala ya kisima, ambayo chumvi yake huharibu sahani. Soma lebo ya chupa kabla ya kumimina, kisha uhakikishe sahani zimefunikwa. Vaa miwani na glavu. Betri kavu, za jeli na nyinginezo zilizozibwa, hazihitaji maji, ila chaja yake lazima iwe na mpangilio wa aina hiyo, kwa sababu ukizidisha volti hupoteza maji yasiyoweza kurudishwa.

Joto lenyewe ni adui mkubwa. Inakadiriwa kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha ya betri kwa nusu, kwa hiyo isikae jikoni wala chini ya bati linalochomwa na jua. Isifungiwe chumba cha kulala pia: inapochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, na cheche moja inatosha kuleta mlipuko.

Ikishakufa, tafadhali usimwage asidi mtaroni wala kumpa mtu anayeivunja kwa nyundo uani. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilitia sumu kwenye damu za wakazi, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo na mwanawe akakutwa na risasi mwilini, aliongoza mapambano, akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea kwenye rufaa. Kwa hiyo kabla hujalipia betri mpya, muulize muuzaji kama ataipokea ya zamani ikiwa nzima, na inapelekwa wapi.