Mpira ukitoka upepo: tuwaheshimu wachezaji wa mashule yetu wangali hai

Manono, Tanganyika – Kila mtaa wa Manono una mtu wa namna hii. Leo anaendesha pikipiki ya kubeba watu, ama anafundisha watoto wa primere, ama anachimba kasiterite. Lakini wale waliosoma naye wanamkumbuka kwa jina lingine, jina la uwanjani. Kwenye mashindano ya mashule ndiye aliyekuwa anafunga mabao, na wanafunzi wenzake walimbeba mabegani. Pengine watoto wake wenyewe hawajui habari hiyo. Picha yake haiko ukutani kwa shule, na jina lake haliko kwenye daftari lolote.

Swali ni hili: mchezaji wa shule anapoacha mpira, nani anamfuata kujua anaishi namna gani? Na shule iliyopata sifa kwa miguu yake, inamrudishia nini?

Kijana aliyetaka kuwa munganga

Wakongomani tuna mfano mkubwa wa mwanamichezo wa shule. Dikembe Mutombo alifariki Atlanta, Marekani, tarehe 30 mwezi wa tisa 2024, kwa kansa ya ubongo. Alikuwa na miaka 58. Wengi wanamjua kwa kidole alichokuwa anatikisa kila alipozuia mpira wa basketi, lakini wachache wanajua kama hakwenda Marekani kucheza.

Alizaliwa Kinshasa 1966, akasoma koleji ya Boboto. Mwaka wa 1987 alipata bursi ya kwenda Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington. Nia yake ilikuwa kuwa munganga. Kwa kuwa urefu wake ulikuwa meta 2 na sentimeta 18, kocha wa chuo, John Thompson, hakukawia kumwona. Hata hivyo, mwaka wa kwanza Mutombo hakuingia uwanjani. Alikaa darasani akijifunza Kiingereza. Uganga aliuacha, lakini shule hakuiacha: mwaka wa 1991 alimaliza masomo ya lugha na diplomasia, na mwaka huohuo akaingia NBA kwenye timu ya Denver.

Kocha Thompson alikuwa na desturi moja ambayo walimu wetu wangeiiga. Juu ya meza ya ofisi yake aliweka mpira uliotoka upepo. Kila mchezaji aliyeingia aliuona. Maana yake haikuhitaji maelezo mengi: siku moja mpira wako nao utatoka upepo, na siku hiyo utabaki na nini mkononi?

Mutombo alibaki na mengi. Alicheza misimu 18 katika timu sita, akazuia mipira 3.289, na mtu mmoja tu katika historia ya NBA amempita, Hakeem Olajuwon wa Nigeria. Lakini hata kabla ya kustaafu 2009, alikuwa amekwisha kuanza kazi ya pili. Mwaka wa 1996, timu ya wanawake ya basketi ya nchi yetu ilipoenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Atlanta, ni yeye aliyelipa mavazi na gharama zao. Mama yake alipougua Kinshasa wakati wa machafuko, alikosa njia ya kufika hospitali, akafariki. Mwana akajenga hospitali katika mtaa wa Masina na kuipa jina la mama: Biamba Marie Mutombo. Ilifunguliwa 2007, ikiwa na vitanda 300. Kijana aliyekosa kuwa munganga aliwapa waganga mahali pa kutumikia.

Mfano wake umefuatwa. Mwaka wa 2022 Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, alitangaza kwamba mshahara wake wote wa msimu huo katika NBA utajenga hospitali kwa ukumbusho wa baba yake.

Sifa bila msaada

Kuna upande mwingine wa habari hii, nao unauma. Mwaka wa 1974, Pierre Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika Kombe la Afrika kule Misri. Hakuna mchezaji aliyewahi kufunga mengi hivyo katika mashindano moja ya kombe hilo. Katika fainali na Zambia, mechi ya kwanza iliisha 2-2, ikarudiwa, tukashinda 2-0. Mabao yote manne ni ya Ndaye. Miezi michache baadaye Leopards walikwenda Kombe la Dunia huko Ujerumani, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika pale. Wachezaji walisimulia baadaye kwamba pesa walizoahidiwa hawakuzipata.

Mwaka wa 1994 Ndaye alialikwa Tunisia, akapewa heshima mbele ya Afrika nzima. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia wakifikiri amerudi na pesa, wakampiga risasi. Alikimbilia Afrika ya Kusini na kuishi huko maisha ya shida katika mitaa ya maskini. Mwaka wa 1998, kwenye Kombe la Afrika la Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya kumlilia, kwani habari zilisema amekufa. Kumbe alikuwa hai! Alifariki kweli Johannesburg mwezi wa kwanza 2019.

Tuliweza kumlilia angali hai, lakini hatukuweza kumtunza angali hai. Na kama mambo ni hivyo kwa mfungaji bora wa Afrika, itakuwaje kwa kijana aliyefungia mabao shule moja ya Manono?

Somo la mgodi

Sisi wa Manono tunaelewa jambo hili kuliko wengine. Muji wetu ulikua kwa sababu ya bati, tangu wakati wa kampuni ya Géomines. Kazi iliposimama, zilibaki nyumba zilizobomoka na mashimo yaliyojaa maji. Leo dunia inataja tena jina la Manono kwa sababu ya litiamu. Kipaji cha mchezaji ni kama mgodi: kinachimbwa haraka, wengi wanafurahia, halafu kinakwisha. Mwenye kukitumia bila kuandaa kazi nyingine anabaki na shimo.

Ndiyo maana shule na mpira havipaswi kutengana. Hata TP Mazembe, bingwa wa Afrika mwaka wa 1967 na 1968, ilizaliwa 1939 Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mikononi mwa wamisionari Wabenedikto waliokuwa wanaongoza shule ya Saint-Boniface.

Tuanzie wapi?

Heshima haingoji mamilioni ya dola. Kila shule ya Manono, na za Kalemie, Kongolo, Nyunzu, Kabalo na Moba, inaweza kununua daftari moja na kuandika majina ya wachezaji wake wa zamani, wavulana kwa wasichana: walicheza mwaka gani, leo wanafanya kazi gani. Wazee wangali wanakumbuka. Wakiondoka, majina yataondoka nao.

Siku ya mashindano, wazee hao waitwe, wakae viti vya mbele, na mmoja wao aanzishe mechi. Baadaye wazungumze na vijana kwa ukweli: nani aliumia goti na akafanya nini, nani aliacha diploma ya Serikali kwa ajili ya mpira na anajuta, nani aliimaliza na leo inamlisha. Wenyewe kwa wenyewe wanaweza kuanzisha likelemba, kila mwezi kila mtu atoe kidogo, ili mwenzao akilazwa hospitalini asichangiwe tu siku ya matanga.

Na walimu wa mazoezi wakumbuke ile meza ya Thompson. Mipira iliyotoka upepo haikosekani katika mashule yetu. Mmoja ukiwekwa mahali ambapo wachezaji wanauona kila siku, utakuwa umeanza kazi yake ya pili.