Simu ya ramani isikuzibie barabara mpakani

Kusafirisha bidhaa kwa gari kutoka Nairobi hadi Kigali kumerahisishwa. Tangu Himaya Moja ya Forodha ianze mwaka 2014, sehemu kubwa ya nyaraka hukamilishwa kabla mzigo haujafika mpakani. Sheria za barabarani, hata hivyo, bado ni za kila nchi, na simu inayoonyesha njia ni mojawapo ya vitu vinavyomtia dereva matatani.

Nchini Kenya, kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 zinaweka faini ya Sh2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa kwenye mwendo. Uganda na Rwanda nazo zinakataza dereva kuendesha huku ameshika simu mkononi. Kwa hiyo simu ya ramani inahitaji kishikilio imara. Safari ipangwe kabla gari halijaondoka, kisha sauti ndiyo iongoze.

Kishikilio nacho kina mahali pake. Kikibandikwa katikati ya kioo cha mbele, kinaficha mtembea kwa miguu au bodaboda. Kikiwekwa juu ya mfuko wa hewa, kinaweza kurushwa usoni ajali ikitokea. Mahali salama ni chini kwenye dashibodi, nje ya eneo linalofutwa na wipa, ambapo dereva hutupa jicho mara moja tu.

Tahadhari hiyo inazidi uzito baada ya kuvuka Gatuna. Kenya na Uganda huendesha kushoto. Rwanda huendesha kulia. Mwenye gari la usukani wa kulia akitaka kulipita lori, magari yanayomjia anayatazamia upande wake wa kushoto. Simu iliyobandikwa upande huo wa kioo humzibia pale pale anapohitaji kuona.

Wenye malori wasichanganye simu yao na kifaa cha forodha kinachofungwa kwenye kontena. Kifaa hicho, cha mfumo ulioanza mwaka 2017 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda, hutuma taarifa kwa mamlaka za mapato. Dereva haruhusiwi kukigusa; kikifunguliwa njiani, tahadhari hutumwa na lori linaweza kusimamishwa.

Kwa aliyebeba nyanya au samaki, saa chache za kusimamishwa zinaweza kugharimu kuliko faini yenyewe. Kishikilio kikaguliwe pamoja na matairi, kabla ya safari.