Anika Kwanza, Kisha Uweke: Mahindi na Mboga za Kutupeleka Hadi Mavuno Mengine

   

Leo tutazungumza juu ya mavuno. Labda unajiuliza, "Muuguzi na mavuno wapi na wapi? Si hiyo ni kazi ya afisa wa kilimo?" Ngoja kidogo. Utaona kwamba afya ya mtoto wako mwezi wa Juni inategemea sana jinsi ulivyoanika mahindi yako mwezi wa Februari.

Kwetu Ukambani, mavuno tunayotegemea zaidi ni yale ya mvua ya vuli, ile inayonyesha kuanzia Oktoba hadi Disemba. Mahindi, kunde na ndengu huvunwa mwanzoni mwa mwaka, na hapo mama hupumua kidogo. Lakini mvua ya masika nayo iko karibu, na mara nyingine hufika kabla mahindi hayajakauka. Ndipo matatizo huanza.

Wengi wetu tunakumbuka mwaka wa 2004. Kulikuwa na ukame, kisha mvua ikanyesha wakati wa kuvuna. Chakula kilikuwa kidogo, na watu waliogopa wezi. Wengi walichukua mahindi yakiwa bado na unyevu wakayaweka ndani ya nyumba wanamolala. Kufikia mwezi wa Julai, watu 317 walikuwa wameugua katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, na 125 kati yao wakafariki. Walioua watu hao hawakuwa wachawi, wala haikuwa homa ya kuambukizwa. Ilikuwa ni sumu iliyo ndani ya mahindi. Na haikuwa mara ya kwanza, kwani mwaka wa 1981 watu walikufa Machakos kwa sababu hiyo hiyo.

SUMU HII NI NINI?

Sumu hii huitwa sumukuvu, na wengine huiita aflatoksini. Hutengenezwa na kuvu, yaani ile ukungu inayoota juu ya nafaka. Kuvu hii iko kwenye udongo wa shamba lako. Inachohitaji ni joto, unyevu, na punje iliyopasuka au kutobolewa na wadudu. Ukiipa vitu hivyo vitatu, itakua haraka sana.

Sumu yenyewe huwezi kuiona kwa macho. Haina harufu wala ladha ya kukuonya. Na jambo ambalo akina mama wengi hawajui ni hili: kupika hakuiondoi. Hata ukichemsha githeri kutwa nzima, hata ukisonga ugali ukakauka vipi, sumu itabaki. Kwa hivyo jikoni tumechelewa. Mahali pa kuizuia ni shambani, uwanjani na ghalani.

Mtu akila sumu nyingi kwa muda mfupi, ini huharibika. Akila kidogo kidogo kwa miaka, anaweza kupata saratani ya ini, hasa kama ana homa ya ini aina ya B. Hiyo ni sababu moja ya kutokosa zile chanjo za mtoto za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa maana humkinga na homa hiyo. Tena, uchunguzi umeonyesha uhusiano kati ya sumukuvu na watoto kudumaa. Mtoto mdogo hula uji wa unga ule ule asubuhi na jioni, na mwili wake ni mdogo. Kwa hivyo yeye ndiye huumia zaidi.

TUFANYE NINI?

Kwanza, vuna mahindi yakishakomaa. Usiyaache shambani yakinyeshewa, na usiyarundike juu ya udongo. Tandika turubai au magunia safi.

Pili, yaanike kwenye jua juu ya turubai, yakiwa yametandazwa utando mwembamba. Yageuze mara kwa mara. Jioni yafunike au uyaingize ndani, maana umande wa usiku hurudisha unyevu ule ule ulioutoa mchana. Wakati wa kupukuchua, usiyapige kwa fimbo kwa nguvu. Punje ikivunjika, umefungulia kuvu mlango.

Tatu, pima kama yamekauka. Wengi wetu huuma punje kwa jino na kusikiliza mlio. Hiyo husaidia, lakini kuna njia bora ya chumvi. Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko, iwe kavu kabisa. Tia mahindi hadi theluthi moja ya chupa, kisha vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Funga, utikise kwa dakika mbili au tatu, halafu uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana maji mengi. Yarudishe juani. Chumvi isiposhika, yamekauka vya kutosha kuwekwa.

Nne, chagua. Toa punje zilizooza, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zilizovunjika. Fanya hivyo kabla ya kuweka, na tena kabla ya kupeleka kisiagi.

Tano, weka mahali pakavu penye hewa. Gunia lisiguse sakafu wala ukuta. Liweke juu ya mbao. Usichanganye mahindi mapya na ya mwaka jana. Siku hizi kuna mifuko maalumu isiyopitisha hewa, yenye karatasi mbili za plastiki ndani ya gunia. Wadudu wakikosa hewa hufa, na huhitaji dawa. Lakini sikiliza vizuri: mfuko huo haukaushi mahindi. Ukiyatia yakiwa na unyevu, umeufungia unyevu ndani.

Na ukitumia dawa ya unga ya kuhifadhi nafaka, fuata kipimo kilichoandikwa, na usubiri siku zilizotajwa kabla ya kula. Usitumie dawa ya kunyunyizia mimea shambani.

MASWALI TUNAYOULIZWA KLINIKI

"Mahindi yaliyooza naweza kuwapa kuku au ng'ombe?" Hapana. Ng'ombe akila sumu hiyo, sehemu yake hutokea kwenye maziwa, nawe utampa mtoto. Wala usiyapikie pombe, kwani sumu haiishi kwa kuchachuka. Yazike au uyachome.

"Je, muthokoi?" Kukoboa hupunguza sumu, kwa sababu sehemu kubwa iko kwenye ganda na kiini. Lakini hupunguza tu, haimalizi. Mahindi mabaya hayawi mazuri kwa kukobolewa.

"Na uji wa mtoto?" Mtoto aliye chini ya miezi sita mpe maziwa ya mama peke yake. Akifika miezi sita, endelea kumnyonyesha, na uji wake usiwe wa mahindi kila siku. Tumia pia wimbi na mtama, ambazo kwa kawaida hazishambuliwi sana kama mahindi. Ukitia njugu karanga, zichague kwa makini punje kwa punje. Karanga nazo hupenda kuvu.

"Mahindi ni haya tu, nikiyatupa tutakula nini?" Swali hili ni gumu, mama, na silichukulii kirahisi. Najua uchungu wa kutupa chakula ulichokilima kwa jembe. Usinyamaze nalo. Mwone mhudumu wa afya wa kijiji chenu, chifu au afisa wa kilimo mapema. Ukipata mahindi mazuri hata kidogo, tenga kwanza ya mtoto na ya mama mjamzito.

MBOGA NAZO ZIANIKE, LAKINI KIVULINI

Wakati wa mvua majani ya kunde, mchicha na managu hujaa mpaka tunawapa mbuzi. Miezi mitatu baadaye tunanunua fungu dogo sokoni kwa bei kali. Mbona tusiweke?

Osha majani kwa maji safi. Yatumbukize katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, uyatoe na kuyachuja. Kisha yatandaze juu ya chekecheke au kitambaa safi, uyafunike kwa neti nzi wasiingie, na uyaweke mahali penye upepo na kivuli. Mahindi yanataka jua, lakini mboga zinataka kivuli. Jua kali huharibu vitamini A, ambayo hulinda macho ya mtoto na kumpa nguvu ya kupigana na magonjwa. Majani yakikauka hadi yavunjike mkononi, yatie kwenye chombo kinachofunga vizuri, mbali na mwanga.

Ukitaka kupika, yaloweke kwanza, kisha uyapike kwa mafuta kidogo ili mwili uipate ile vitamini A. Vitamini C hupotea wakati wa kukausha, kwa hivyo mpe mtoto pia chungwa, pera au papai likipatikana. Na mboga hizi haziondoi haja ya kumpeleka kliniki kupata vitamini A kila miezi sita, tangu miezi sita hadi atimize miaka mitano.

DALILI ZA KUKUPELEKA HOSPITALI

Ukiona mtu nyumbani macho yamekuwa manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, anatapika, tumbo linauma au limevimba, ama miguu imevimba, usingoje. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kama wagonjwa ni wawili au watatu katika boma moja, mwambie daktari, na uchukue kikombe kimoja cha mahindi mnayokula ili yapimwe. Acheni kula mahindi hayo mara moja.

Kwa hivyo, mama, tukumbuke mambo manne. Anika mpaka chumvi isishike. Chagua punje mbaya uzitoe. Weka juu ya mbao, mahali pakavu. Na mboga, kivulini.

Mwambie jirani yako ambaye hana redio. Na baba naye ahusike, maana kubeba turubai kabla mvua haijafika si kazi ya mama peke yake.