Maneno ya Hati za Ndege Isiyo na Injini

Sheria za anga za Marekani zina kundi la ndege za majaribio, na ndege zisizo na injini zimo. Neno majaribio laweza kumpoteza mfasiri: ndege ya mashindano au ya maonyesho iliyokwisha kuruka miaka 20 yaweza kubaki humo, kwani haikuthibitishwa kwa kipimo cha kawaida. Hupewa cheti maalumu, na pamoja nacho karatasi ya masharti: isichukue mtu wala mzigo kwa ujira, isitoke katika eneo la kujaribiwa mpaka ithibitike kuwa yatawalika, kila anayepandishwa aambiwe hali yake. Cheti bila karatasi hiyo ni nusu ya hati.

Mwenye kuiita karatasi hiyo “mipaka ya urushaji” huenda ataeleweka Dar es Salaam. Kibondo na Kasulu, wilaya zinazopakana na Burundi, mpaka ni wa nchi kwanza. Na hapo kosa si la maneno tu. Ndege isiyo na injini hufuata hewa ipandayo vilimani, nayo hewa haipiti forodhani. Mapatano ya Chicago ya 1944, kifungu cha 40, yaikataza ndege ambayo upungufu wake umeandikwa katika cheti kuingia nchi nyingine pasipo ruhusa ya nchi hiyo. Basi rubani aliye juu ya Kasulu ana mambo mawili ya kuchunga, na neno moja haliyatoshi. Yafaa la kwanza liitwe “masharti”, neno alijualo kila mpangaji wa nyumba, na “mpaka” liachiwe nchi. Ruhusa ya Burundi ni kibali, isiitwe cheti.